Mlio wa zamu: shajara ya mradi wa kuuzima mshtuko

Siku ya 0

Nilikaa zamu miaka mitatu. Anayeijua kazi ya kulinda mitambo ya kompyuta anajua maana yake: simu iko chini ya mto, na ikilia usiku ujue kuna kitu kimeanguka mahali na wa kukiinua ni wewe. Kazi hiyo niliiacha miezi minane iliyopita. Simu ya zamu niliirudisha. Mlio wake nimebaki nao.

Mlio wenyewe ni ule uliotoka na simu kiwandani, kwa hiyo tunautumia watu wengi. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa nikisubiri kuitwa kwenye foleni, simu ya mtu ikalia nyuma yangu, na kabla sijawaza lolote nilikuwa nimeshasimama, mkono mfukoni, kinywa kikavu. Simu yangu ya sasa hulia kwa sauti nyingine kabisa. Mwenye simu akapokea, akasema "nakuja", akakata. Mimi nikabaki nimesimama wima kama mwanafunzi aliyetajwa jina.

Basi huo ndio mradi. Nataka mlio ule ulie nami niendelee na shughuli zangu. Nitapima na kuandika, ya kuchekesha na ya kuaibisha.

Siku ya 1: vifaa na maneno

Vifaa ni vichache: mkanda wa kufunga kifuani unaopima mapigo ya moyo, spika ndogo, na programu niliyoiandika jioni moja. Programu inapiga mlio kwa sekunde 5, inachukua wastani wa mapigo ya sekunde 30 zilizotangulia, inatafuta kilele cha sekunde 20 zinazofuata, kisha inatoa tofauti. Tofauti hiyo nitaiita "ongezeko", na ni mapigo kwa dakika.

Kuna na mlio wa pili, wa kulinganishia. Sauti yoyote kali ikilia ghafla mtu hushtuka, hata mtoto mchanga, na mshtuko huo hakufundishwa na mtu. Nikiupima mlio wa zamu peke yake nitakuwa nimechanganya ukali wa sauti na historia ya sauti. Nimechagua mlio mwingine wenye urefu na ukali uleule ambao haujawahi kunihusu kwa jema wala baya. Nikitoa ongezeko la huu kwenye la ule, kinachobaki ndicho nilichojifunza.

Halafu maneno. Neno la Kirusi alilolitumia Ivan Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyechunguza mate ya mbwa, lina maana ya "wenye masharti", yaani mwitikio unaotokea kwa sharti fulani. Lilipoingia katika Kiingereza likageuka kidogo, likasikika kama jambo lililokwisha kufanyika na kukamilika. Mimi naona la Kirusi lina heshima zaidi, lakini "mwitikio wa masharti" kwa Kiswahili unasikika kama mkataba wa kupanga nyumba. Humu nitaandika "mwitikio wa kujifunza".

Kwa mbwa wa Pavlov hesabu ilikuwa nyepesi. Chakula mdomoni huleta mate bila kufundishwa. Metronomu, kifaa cha wanamuziki kinachopiga tik-tak kwa mwendo mmoja, haileti mate. Tanguliza metronomu kabla ya chakula mara za kutosha, na metronomu peke yake italeta mate. Kwangu mimi "chakula" ni kipi? Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Mlio haukuwa ukinichoma wala kunipiga. Ila kung'olewa katika usingizi mzito ni kitu ambacho mwili hauhitaji somo ili ukichukie, na baada ya kung'olewa ilifuata sauti ya msimamizi ikiuliza "umeona?" kabla hata ya salamu. Sauti ile yenyewe ilinitisha kwa sababu ya mambo mengine yaliyowahi kuifuata. Kwa hiyo ni mnyororo, kichocheo kimoja kikikiazima nguvu kingine. Pavlov aliuona mnyororo huo hata kwa mbwa, ingawa kwao ulikuwa mfupi na ulikatika haraka.

Siku ya 2

Vipimo vya kwanza. Milio 5 ya zamu na 5 ya kulinganishia, imechanganywa.

Zamu: 21, 18, 24, 17, 19.
Kulinganishia: 6, 7, 3, 4, 3.

Nilifurahi kwa dakika mbili, nikafungua mchoro wa mapigo na furaha ikaisha. Moyo ulikuwa umeanza kupanda *kabla* ya mlio. Nilikuwa nabonyeza kitufe mwenyewe! Kidole kikielekea kwenye kitufe, mwili ulikwisha kupata habari.

Nikamwomba mdogo wangu abonyeze akiwa chumba cha pili. Ikawa bora kidogo, lakini kiti chake kina mlio wa mbao kila akiinama mbele, na kufikia mara ya nne nilikuwa nakisikiliza kiti kuliko spika. Nikamwambia. Akajibu, "Kaka, sasa nikusaidie nikiwa nimesimama?"

Tabu hii ni ya zamani. Mbwa wa Pavlov walianza kutoa mate kwa nyayo za mhudumu na kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Ndiyo sababu alijengewa huko St. Petersburg jengo lililokuja kuitwa Mnara wa Kimya: handaki kulizunguka, vyumba vilivyotengwa na korido yenye umbo la msalaba, mbwa upande mmoja wa ukuta na mtafiti upande wa pili. Ujenzi ulianza mwaka 1910. Mimi sina mnara. Nimeiandikia programu mistari sita zaidi ili ipige milio kwa nasibu, ikiachanisha kati ya dakika 2 na 9, nami nakaa nikisoma.

Siku ya 3

Vipimo upya kwa programu mpya. Wastani wa zamu 17, wa kulinganishia 4. Hapa ndipo tunapoanzia.

Siku ya 4 hadi 9: kuzima

Njia ya kwanza ni ile ya kwenye kila kitabu cha saikolojia. Kichocheo kirudiwe bila kile kilichokuwa kikikifuata, na mwitikio utafifia. Metronomu bila chakula, tena na tena, mate hupungua mpaka yakauke. Kwangu ni mlio bila shida. Milio 20 kwa siku, kiti kilekile cha dirishani, saa mbili asubuhi.

Siku ya 4 ilianzia 17 ikaishia 9. Siku ya 5 ilianza na 14. Nilidhani mkanda umelegea. Ikashuka hadi 7. Siku ya 6 ikaanza na 12, ikaishia 5. Kila asubuhi mlio wa kwanza ulikuwa juu ya mlio wa mwisho wa jana yake, kama kwamba usiku mtu amekuja akajaza tena ndoo niliyoimwaga.

Hilo nalo linafahamika, na Pavlov alilipima: mbwa aliyezimwa mwitikio akipumzishwa, mate hurudi yenyewe. Kwa maana hiyo kuzima hakufuti. Somo la zamani linabaki, na juu yake linakaa somo jipya linalosema "sasa hivi, hapana". Waliochunguza ubongo wameona jambo linaloelekea huko. Amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, hubaki na kumbukumbu yake, na sehemu za mbele za ubongo hujifunza kuizuia. Usiku kizuizi hulegea.

Hata hivyo kila siku ndoo ilikuwa ikijaa pungufu kuliko jana yake. Siku ya 9 mlio wa kwanza ulitoa 5 na wa mwisho 3. Mlio wa kulinganishia ulikuwa 3. Nikaandika kwenye jedwali, kwa herufi kubwa, IMEKWISHA.

Siku ya 10

Sikupima. Nilijipongeza.

Siku ya 12

Haijakwisha.

Nilikuwa ndani ya basi, nimesimama. Mlio ukatoka kwenye mkoba wa abiria mmoja, ukiwa umezibwa na nguo, hauna hata nusu ya ukali wa spika yangu. Mkanda nilikuwa nimeuvaa kwa bahati, nilitoka mazoezini. Nilipofika nyumbani nikatafuta dakika ile kwenye kumbukumbu: 22. Kubwa kuliko wastani wa siku ya 3. Na mkono ulikuwa mfukoni.

Jioni nilirudi kwenye kusoma, safari hii bila kiburi. Mark Bouton na wenzake walianza kuonyesha jambo hili kwa panya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Panya anafundishwa hofu ya sauti katika sanduku moja, anazimwa katika sanduku la pili lenye harufu na sakafu tofauti, halafu anarudishwa la kwanza, na hofu inarudi naye. Hata ukimpeleka sanduku la tatu ambalo hajawahi kuliona, hofu huweza kurudi. Hofu husafiri kirahisi, utulivu hung'ang'ania pale ulipofundishwa.

Mimi nilikuwa nimeufundisha moyo wangu utulivu wa kiti kimoja cha dirishani, saa mbili asubuhi, mkanda kifuani.

Siku ya 13: mkono

Leo hakuna vipimo, nilikaa nikafikiri. Kuna kitu nilikiacha tangu mwanzo kwa sababu hakikuwa na namba: mkono unaokwenda mfukoni.

Moyo na mkono ni habari mbili. Moyo unaruka kwa sababu mlio ulitangulia shida, hiyo ni njia ya Pavlov. Mkono unafanya kitu, na kitu hicho huwa na matokeo: nikiitoa simu na kukuta hakuna ujumbe, napumua. Pumzi ile ndiyo malipo. Edward Thorndike aliona msingi wake kwa paka aliowafungia ndani ya masanduku yenye komeo, akaandika mwaka 1898. Tendo linalofuatwa na nafuu hurudiwa. Mwaka 1947 O. Hobart Mowrer aliziunganisha njia hizo mbili akieleza jinsi watu na wanyama wanavyokwepa: hofu hujifunzwa kwa kufuatana kwa vichocheo, na kukwepa kunadumishwa na nafuu inayokuja baadaye.

Hapa niingize lalamiko. Kuna watu wengi, walimu wakiwemo, wanaosema "uimarishaji hasi" wakimaanisha adhabu. Adhabu hupunguza tendo. Uimarishaji hasi huongeza tendo kwa kuondoa kitu kinachokera, kama mkanda wa gari unaoufunga ili kengele inyamaze. Mkono wangu unaimarishwa hasi kila mara simu inapokuwa kimya. Hakuna aliyeniadhibu.

Na ubaya wake ni huu: kwa kuangalia simu kila mara, sikuwahi kuupa mwili nafasi ya kugundua kwamba nisingeangalia pia isingekuwa neno. Sifa yote ya usalama ilikwenda kwa mkono.

Siku ya 14 hadi 17

Kanuni mpya: mlio ukilia, popote, mkono usiende. Nahesabu mara ulivyokwenda.

Siku ya 14: milio 12, mkono ulikwenda mara 5.
Siku ya 15: milio 12, mara 9.

Ndiyo, ulizidi. Wanaofundisha wanyama wanalijua hili vizuri. Ukikata malipo ya tendo lililozoeleka, tendo huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Mtu anayebonyeza kitufe cha lifti isiyokuja habonyezi polepole zaidi. Nilijikuta hata naishika simu *juu ya suruali*, nje ya mfuko, kana kwamba hiyo haihesabiki. Nimeihesabu.

Siku ya 17: milio 12, mara 3.

Inakwenda taratibu, na nafikiri najua sababu. Katika zamu zangu milio mingi ilikuwa ya uongo. Kifaa kimechelewa kujibu kwa sekunde kadhaa, mtambo umelalamika, halafu kila kitu kimekaa sawa kabla sijafungua macho. Katika milio kumi labda mitatu ilikuwa na shida ya kweli. Mtu angedhani hiyo ingenifanya nisiujali mlio, kumbe ndiyo iliyoukaza. Tendo linalolipwa kila mara huzimika haraka malipo yakikatwa, maana tofauti inaonekana mara moja. Tendo linalolipwa mara mojamoja bila utaratibu linastahimili, kwa sababu kukosa mara kumi mfululizo si habari mpya kwake. Charles Ferster na B. F. Skinner walitoa mwaka 1957 kitabu kinene cha michoro ya njiwa na ratiba zao za malipo, na anayetaka kuelewa kwa nini mashine za kamari hazichoshi ataanzia huko. Mimi nilikuwa njiwa wa ratiba isiyotabirika, mwenye mshahara.

Siku ya 19: kubadilisha badala ya kuzima

Nimeamua kujaribu njia ya pili sambamba: kuufuatanisha mlio na kitu kizuri. Mzee wa njia hii ni mwanamke, Mary Cover Jones. Mwaka 1924 aliandika kuhusu mtoto wa karibu miaka mitatu anayemwita Peter, aliyeogopa sungura. Mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura aliletwa ndani ya kizimba, mbali kwanza, kisha karibu zaidi, siku hadi siku, mpaka mwishowe Peter akamshika kwa mikono yake.

Watu humkumbuka zaidi "Albert mdogo" wa John Watson na Rosalie Rayner, mwaka 1920: mtoto wa miezi 11, panya mweupe, na nyundo iliyogongwa kwenye chuma nyuma ya kichwa chake mpaka akamwogopa panya. Aliondoka bila kuondolewa hofu ile. Mimi kila nikisoma habari hiyo nakasirika upya. Jones alifanya kazi ya kurudisha, na jina lake linatajwa kwa sauti ya chini.

Kitu kizuri nilichokichagua ni kicheko cha mwanangu, sekunde nne nilizozirekodi akichezewa na mama yake. Mlio kwa sauti ya chini sana, kisha kicheko. Kila siku mlio unapandishwa kidogo.

Siku ya 22: hitilafu

Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo kosa baya kuliko yote ya mradi.

Leo alasiri nilikuwa jikoni nafuta meza. Mtoto akacheka chumba cha pili, kicheko cha kweli, amejificha nyuma ya pazia na anadhani hatumwoni. Nami, kitambaa mkononi, nikageuza shingo kuelekea rafu ilipo spika. Sikuelekea kwa mtoto. Nilielekea kwenye spika, nikasubiri.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nasubiri. Nilikwenda kufungua programu. Nilipokuwa nikiongeza faili ya kicheko niliweka ucheleweshaji upande usiostahili, na tangu siku ya 19 kicheko kilikuwa kinaanza sekunde moja *kabla* ya mlio. Siku tatu, mara 60. Masikio yangu yaliona vyote viwili vinatokea pamoja na sikujali mpangilio. Mwili ulijali.

Mpangilio ndio kila kitu katika kujifunza kwa namna hii. Metronomu ikitangulia chakula, mbwa hutoa mate kwa metronomu. Chakula kikitangulia metronomu, metronomu haipati nguvu ya maana, kwa sababu haimwambii mbwa jambo asilolijua. Mimi nilikigeuza kicheko kuwa metronomu na mlio kuwa chakula. Nilikuwa najifundisha kwamba mtoto akicheka, kuna jambo linakuja.

Jones mwenyewe alionya, njia yake inahitaji mkono mwepesi, maana unashughulika na mifumo miwili kwa wakati mmoja, na ukimleta sungura haraka mno mtoto anaweza kukichukia chakula. Nilikuwa nimelisoma onyo hilo siku tatu kabla. Nilililipia kwa kulipuuza.

Nimefuta rekodi. Nimekwenda kukaa nyuma ya pazia na mtoto kwa saa nzima.

Siku ya 23 na 24

Nilikuwa na wasiwasi, lakini shingo haikugeuka tena kwa kicheko cha kweli, isipokuwa mara moja jana asubuhi. Kuna sababu ya kutegemea hivyo. Kitu ulichokisikia maelfu ya mara bila baya lolote kukifuata huwa kigumu kugeuzwa kuwa ishara ya hatari. Robert Lubow na Ulric Moore walilionyesha hilo mwaka 1959 kwa kondoo na mbuzi. Vicheko vyote vya nyuma vilinikinga. Mara 60 za spika zilikuwa tone.

Njia ya kicheko nimeiacha. Sitaki kitu chochote ninachokipenda kiguse mlio ule.

Siku ya 26: hesabu ya mshangao

Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner walitoa mlinganyo mmoja mfupi ambao bado unatumika. Kwa maneno ya kawaida: kiasi unachojifunza safari hii kinategemea tofauti kati ya kilichotokea na ulichotarajia. Tofauti ikiwa kubwa unajifunza sana, ikiwa sifuri hujifunzi kitu hata ukirudia mara elfu. Na matarajio ni jumla ya vyote vilivyopo kwa wakati huo, siyo ya mlio peke yake.

Nikakiweka kiti changu kwenye mlinganyo. Mlio unasema "shida inakuja". Kiti, dirisha, asubuhi na mkanda vinasema "hapa hapana shida". Jumla yake ni kama sifuri. Shida haiji, na sifuri ndiyo iliyotarajiwa. Mshangao hakuna, basi na somo hakuna. Kufikia siku ya 8 na ya 9 nilikuwa nakaa tu nikisikiliza muziki mbaya.

Mpango mpya unafuata hesabu hiyo. Programu sasa iko kwenye simu niliyonayo mfukoni na inalia wakati wowote kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku, mara 6 kwa siku, popote nilipo. Mlio ukianza naiandika kwanza namba moja, kutoka 0 hadi 10: nina uhakika kiasi gani kwamba kuna kitu kimeharibika? Halafu nasubiri dakika tano bila kugusa chochote. Halafu naandika kilichotokea.

Safu ya kilichotokea imejaa neno moja. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Ila namba za uhakika ndizo zinazofurahisha: nikiwa matembezini 2, nikiwa kazini na watu 4, nikiwa naoga 8. Bafuni! Nadhani ni kwa sababu wakati wa zamu bafuni ndipo mahali pekee ambapo simu haikuwa mwilini, na kama ungelia huko ningechelewa.

Kwa hiyo milio miwili kati ya sita sasa inakwenda bafuni. Ongezeko la kwanza huko lilikuwa 26. Mkanda unastahimili maji, mimi kidogo.

Siku ya 27 hadi 32

Mlio wa kwanza wa siku: 16, 13, 13, 9, 10, 7. Mkono: 0 tangu siku ya 29. Bafuni: kutoka 26 hadi 12.

Mdogo wangu ameuweka mlio ule kuwa wa simu yake, anasema ni mchango wa kisayansi.

Siku ya 33

Simu ya kawaida ililia saa nane usiku, kwa mlio wake wa kawaida. Ndugu yangu amepata ajali, ameumia mguu, si sana. Nilivaa nikatoka.

Leo asubuhi mlio wa zamu umetoa 15. Mlio wenyewe haukuhusika na habari ya usiku hata kidogo. Lakini panya aliyezimwa akipigwa shoti moja tu, bila sauti yoyote, kesho yake akiisikia sauti huogopa tena. Shida yenyewe ikirudi inayaamsha yote yaliyowahi kuitangaza.

Katika maabara ya Pavlov ilitokea kwa maji. Septemba 1924 mafuriko yaliingia mjini Leningrad (St. Petersburg ileile, kwa jina jipya), na mbwa waliokuwa vibandani ikabidi waogeleshwe hadi maabara. Baadaye baadhi yao walikuwa wamepoteza miitikio waliyofundishwa kwa muda mrefu. Mmoja alirudi katika hali yake baada ya majuma mengi ya kazi, kisha Pavlov akaachia maji kidogo yapenye chini ya mlango wa chumba, na mbwa akavurugika upya.

Kufikia jioni nimeshuka hadi 8. Ndugu yangu anaendelea vizuri.

Siku ya 34 hadi 39

7, 6, 6, 4, 5, 4. Bafuni 6.

Siku ya 37 mlio ulilia kwenye foleni, palepale nilipoanzia, simu ya mtu mwingine. Nilikuwa naongea na jirani yangu. Niligundua umelia baada ya kuisha.

Siku ya 40

Nilipokuwa napanga jedwali kwa ajili ya shajara hii niliona tundu ambalo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Safu ya saa inaanzia saa kumi na mbili asubuhi na kuishia saa nne usiku. Miaka mitatu mlio uliniamsha gizani, nimelala kwa ubavu wa kushoto, simu chini ya mto. Huko sijawahi kuupiga hata mara moja. Nilijiambia ni kwa ajili ya usingizi wa mwenzangu. Hakuwahi kuulizwa.

Nimemuuliza leo. Amekubali kwa masharti: usiku mmoja kwa juma, upande wangu wa kitanda, na mtoto akiamka wa kumbembeleza ni mimi.

Siku ya 41

Saa tisa na dakika 17 usiku. Ubavu wa kushoto. Ongezeko 31, uhakika 10, na mkono ulikuwa chini ya mto kabla sijajua kuwa nimeamka.

Nimefungua safu mpya kwenye jedwali. Mtoto hakuamka.